Njia za miguu katika mikoko ya Tudor zipangwe kabla ukingo haujazibwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wakazi wa Mombasa tunaliona kila tunapovuka daraja la Nyali, ingawa ni nadra kulijadili. Kisiwa chetu kimezungukwa na mikoko pande mbili, na mtu wa kawaida hana pa kupita kwa miguu akaitazama kwa utulivu. Upande wa kaskazini kuna hori la Tudor, linaloingia bara hadi Mikindani na Jomvu. Upande wa magharibi kuna hori la Port Reitz na mkono wake wa Mwache. Mpango wa kitaifa wa usimamizi wa mikoko uliotolewa mwaka 2017 uliihesabia kaunti hii hekta 3,771 za misitu hiyo, kati ya hekta 61,271 za nchi nzima ambazo zaidi ya nusu yake ziko Lamu. Kwa kaunti finyu iliyohesabiwa watu 1,208,333 katika sensa ya mwaka 2019, huo si msitu mdogo. Hata hivyo wengi wetu, tukitaka kuwaonyesha watoto jinsi mkoko unavyosimama juu ya mizizi yake, hufunga safari hadi Gazi katika Kaunti ya Kwale, au hadi Mida karibu na Watamu.

Gazi iko kusini mwa Mombasa, mwendo wa kama kilomita hamsini kwa barabara ya Lunga Lunga, na wanawake wa kijiji hicho ndio wanaoendesha njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo na kupenyezwa katikati ya miti. Mgeni hulipa kiingilio, hupewa mwenyeji wa kumtembeza, na hutajiwa miti kwa majina yake: mlilana unaosimama mbele ukikabili bahari, mkoko nyuma yake, kisha muia, mkandaa ambao magome yake yalichunwa zamani kwa kutia rangi, mkomafi, na mchu unaostahimili chumvi hata kule ambako maji hufika kwa nadra. Atembeaye polepole hujionea kwa macho yake kwamba msitu huu una safu, na kwamba kila safu imechagua mahali pake kwa kadiri ya maji na chumvi. Njia hiyo ilikuwapo kabla ya mradi wa Mikoko Pamoja, ambao kupitia kwake, tangu mwaka 2013, vijiji vya Gazi na Makongeni vimekuwa vikiuza kaboni inayohifadhiwa katika hekta 117 za mikoko, yaani kulipwa kwa kuilinda miti inayonasa hewa ya ukaa, na mapato yake yakaenda kwenye maji ya kunywa na mahitaji ya shule. Mradi huo ulitunukiwa Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017, na sasa unasifiwa hadi ng'ambo. Mimi naamini kwamba njia ya mbao ilikuwa na sehemu yake katika mafanikio hayo, kwa kuwa ni vigumu kijiji kukubaliana kulinda msitu ambao wengi wao hawajawahi kuingia ndani yake isipokuwa kwa shoka au kwa wavu.

Mida nako kuna njia ya mbao na daraja linaloning'inia, vinavyomfikisha mtembeaji kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Kiingilio chake huchangia karo za wanafunzi wa sekondari wanaotoka katika vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Maji yanapokupwa, uwanda wa mchanga na tope hujaa sululu, yangeyange na ndege wengine wengi wa pwani, na miongoni mwao yuko yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene ambaye chakula chake kikuu ni kaa. Ndege huyo hutaga mayai yake kwenye fukwe za Oman, za Ghuba na za Pembe ya Afrika, kisha huja kwetu msimu wa kaskazi, yaani kwa upepo uleule uliokuwa ukiyaleta majahazi yaliyokuja kuchukua boriti na mapau, hadi serikali ilipopiga marufuku kuuza miti ya mikoko nje ya nchi mwaka 1982. Mtoto wa Mombasa anastahili kuyajua haya bila nauli ya kwenda Watamu.

Sasa nirudi Tudor, ambako hali inatia uchungu. Watafiti waliolinganisha picha za satelaiti za miaka ya 1992 na 2009 walikuta kwamba hori hilo lilikuwa limepoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake, hali ambayo haikuonekana katika maeneo mengi ya pwani yetu. Sababu zake zinajulikana na kila anayeishi karibu. Miti ilikatwa kwa ajili ya ujenzi na kuni, na sehemu ya kuni hizo iliishia katika majiko ya chang'aa yaliyofichwa ndani ya msitu wenyewe, kwa sababu mahali pasipopitwa na watu ndipo panapomfaa mtu mwenye kazi ya kuficha. Upande wa pili wa mji, mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara ukafunika mizizi ya kupumulia huko Mwache, na miti ikafa imesimama. Na kabla ya hapo, mwaka 1988, mafuta yaliyomwagika katika hori la Makupa yaliangamiza mikoko iliyokuwa karibu na bandari. Mafuta na mafuriko hayazuiwi na watembeaji. Lakini shoka na jiko la siri huchukia kuonekana, na njia inayopitiwa na wanafunzi asubuhi na familia jioni ni ulinzi ambao hauhitaji mshahara.

Pendekezo langu ni dogo kuliko linavyoweza kudhaniwa. Siombi barabara ya ufukweni yenye mawe ya mapambo na taa za rangi. Hiyo tunayo tayari katika bustani ya Mama Ngina, iliyofunguliwa upya Oktoba 2019, na nakiri kwamba jioni ya Jumapili hapana mahali pazuri zaidi mjini chini ya mibuyu ile. Naomba vipande vitatu vifupi vya njia ya mbao: kimoja Tudor yenyewe upande wa kisiwani, cha pili Junda katika Kisauni, na cha tatu kati ya Mikindani na Jomvu, ambako kina mama wa Jomvu wamekwisha kuonyesha kwamba wageni wako tayari kufika kula samaki na kaa kando ya mikoko. Vipande hivi visiunganishwe kwa daraja wala kwa kifusi. Viunganishwe kwa mashua na mitumbwi ya wavuvi wa hapohapo, ambao wanajua wapi pana kina na wapi pana fungu, na ambao siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, huwa na nafasi ya kuvusha watu. Mtu ataweza kuanzia Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, apite vichochoro vya Mji wa Kale hadi Bandari ya Kale, apande chombo akapite chini ya daraja la Nyali, na kabla ya adhuhuri awe anatembea juu ya tope la Junda bila kulikanyaga. Miji mingi ya bandari ingetamani kuwa na safari ya namna hiyo, ya saa chache tu, inayoanza kwenye mizinga ya Wareno na kuishia kwenye mashimo ya kaa koko.

Ujenzi wenyewe una masharti ambayo nawasihi wahandisi wasiyadharau. Katika siku za bamvua, yaani za maji makuu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, kwa hiyo njia iliyojengwa kwa kuangalia maji ya siku moja tu itafunikwa ndani ya mwezi. Nguzo ziwe chache na nyembamba ili maji yapite na miche ielee hadi pa kuotea, kwani mkoko huzaa miche iliyokwisha kuchipua juu ya mti, ikadondoka na kuchukuliwa na mkondo. Mchu na mlilana hupumua kwa vijizizi vinavyochomoza wima kutoka matopeni kama penseli zilizochomekwa ardhini. Vikikanyagwa kila siku au vikizikwa chini ya kokoto, mti hudhoofika na hatimaye hufa. Saruji nzito, na hasa tuta la mawe, ni kuukaba msitu koo kwa jina la kuuhifadhi. Mbao nazo huoza na kutobolewa na wadudu wa maji ya chumvi, na ukarabati wake usiokwisha huwaelemea walioanzisha njia kama hizi. Pengine lingekuwa jambo la busara kujaribu nguzo na mbao zinazotengenezwa kwa plastiki iliyotumika, ambayo hatuna uhaba nayo. Lamu walikwisha kuunda jahazi zima kwa plastiki ya namna hiyo, Flipflopi, lililoshushwa majini mwaka 2018. Chombo kinachohimili bahari ya kusi kina mengi ya kutufundisha kuhusu njia ya kupita watu.

Wapo watakaosema kwamba mikoko ya mjini inanuka na kwamba hakuna mgeni atakayelipa kunusa majitaka. Hoja hiyo ni ya haki. Majitaka ya mitaa mingi ya kisiwani na ya bara huingia katika hori la Tudor bila kusafishwa ipasavyo, na mikoko, ijapokuwa huchuja mengi, haikuumbwa kuwa choo cha mji. Lakini nawauliza wenye hoja hiyo: ni lini uchafu uliofichika uliwahi kuondolewa kwa kuendelea kufichwa? Wakazi wakipita kila wiki juu ya bomba linalotiririsha maji machafu, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, ambacho kiko palepale Tudor, wakiyapima maji hayo kama sehemu ya masomo yao, bomba hilo litapata wenye kulilalamikia. Watafiti wa KMFRI nao, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, ambao makao yao makuu yako Mkomani ng'ambo ya Mji wa Kale, hawana haja ya kusafiri mbali kuja kutoa ushauri.

Hofu nyingine naiheshimu zaidi, na ni ile ya wavuvi na ya kina mama wanaookota chaza na tondo. Wameona mara nyingi kwamba ufuo ukishapambwa, mlango huwekwa, na mlango ukishawekwa, wao ndio wa kwanza kuulizwa wanakwenda wapi. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba njia hizi zisikabidhiwe mwekezaji hata kama atakuja na fedha zote mkononi. Katiba, katika kifungu cha 62, inaiweka ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inaziruhusu jumuiya za wenyeji kuingia mkataba na shirika la misitu, KFS, ili kusimamia msitu pamoja. Mkataba wa aina hiyo, ukiwahusisha pia viongozi wa vikundi vya wavuvi, utatosha. Kiingilio kwa mgeni wa mbali kiwe cha kulipa walinzi, watembezaji na mafundi. Mkazi wa wadi alipe kidogo sana au asilipe kabisa, na mvuvi mwenye dema lake asisimamishwe na mtu yeyote. Shule za umma ziingie bure, kwa zamu, ili mbao zisielemewe.

Ninalolihofia ni kuchelewa. Nyumba, kuta na kifusi vinasogea kuelekea majini mwaka baada ya mwaka, na kipande cha ukingo kikishazungushiwa ukuta, kesi ya kukirejesha huweza kudumu muda mrefu kuliko uhai wa aliyeifungua. Kwa hiyo naiomba serikali ya kaunti, pamoja na KFS na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, ianze na hatua isiyohitaji mkandarasi. Wapimaji wa ardhi wafuatane na wavuvi wazee wa Tudor, Junda na Mikindani siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, waweke alama mahali maji yanapoishia, kisha ramani ya alama hizo ibandikwe katika ofisi ya kila chifu ambako mtu yeyote anaweza kuisoma na kupinga kilichokosewa. Bajeti ya mbao na nguzo ijadiliwe baada ya hapo, alama zikiwa zimekwisha kusimama.

Wako,
Mkazi wa Tudor,
Mombasa.