Birika la tatu: ombi kwa wapishi wa Tanga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie ombi wenye hoteli na wapishi wa shughuli hapa Tanga. Pembeni ya birika la chai ya rangi na lile la maziwa, wekeni la tatu, la chai ya matunda isiyo na kafeini, ile inayofukuza usingizi kwenye kahawa na majani ya chai.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani. Moyo ulikuwa ukinienda mbio na usingizi hauji, daktari akanikataza kahawa na majani ya chai. Tangu hapo nikienda harusini au kwenye maulidi naambiwa nichague soda au maji, na soda za kola nazo zina kafeini. Hoteli moja hapa mjini niliomba chai isiyo na kafeini, nikaletewa chai ya kijani, na mhudumu akaniapia kuwa haina neno. Ina neno! Chai ya kijani inatoka kwenye mmea ule ule unaolimwa Amani na Lushoto. Na kafeini haiondoki upesi: kwa mtu mzima, nusu yake huchukua kama saa tano kutoka mwilini. Aliyekunywa saa nne za usiku, saa tisa bado nusu anayo.

Madukani nako tuwe macho. Pakiti ina picha ya embe na stroberi, ukigeuza nyuma unakuta kitu cha kwanza kwenye orodha ni majani ya chai. Hiyo ni chai ya kawaida iliyotiwa ladha. Ile ya matunda hasa haina majani ya chai hata kidogo. Ina choya, yale maua mekundu yaliyokaushwa, vipande vya tufaha, maganda ya chungwa. Wekundu na ukali wa nyingi ya pakiti hizo zitokazo Ulaya ni choya, au rozela kama wengine wanavyoiita.

Sasa nani asiyejua choya hapa kwetu? Machungwa yamejaa Muheza, tufaha zinashuka kutoka Lushoto, mdalasini na hiliki zinatoka Amani. Kila kitu kinapita sokoni Mgandini, nasi tunaagiza pakiti kutoka ng'ambo!

Nyumbani tunafanya hivi. Maji yakishachemka tunaepua, tunatia konzi ya choya kavu iliyosuuzwa, kijiti cha mdalasini na ganda la chungwa lililooshwa vizuri, tunafunika kama dakika kumi. Usiiache ichemke muda mrefu, inakuwa kali mpaka meno yanakufa ganzi. Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli, kwa sababu ukali wa choya hula alumini. Chuja, kisha tia sukari au asali kwa kiasi, maana faida ya kuacha soda itakuwa wapi ukimimina sukari ile ile? Wakati wa masika naiongezea tangawizi na kuinywa ya moto, mvuke wake unanukia mdalasini mpaka mteja anayesubiri suruali yake anauliza naye apewe. Humpa.

Kaskazi ikivuma na joto likizidi, ya baridi ndiyo yenyewe. Hapo choya iwe mara mbili, kwa sababu barafu ikiyeyuka itaipunguza nguvu. Iache ipoe, iingie kwenye friji, na ukiitoa kamulia ndimu. Itazame wakati ndimu inaingia: ule wekundu wa kuiva unang'aa ghafla, na harufu ya chungwa inapanda. Barafu iwe ya maji yaliyochemshwa, hilo wapishi wa shughuli walizingatie sana.

Wajawazito, na wanaomeza dawa za presha, wamuulize daktari kwanza kuhusu choya, kwani inaweza kushusha presha. Kwao birika la maganda ya chungwa na tufaha linaweza kufaa zaidi, nao wakimuuliza daktari si vibaya.

Gharama si kisingizio. Choya kidogo inatoa birika zima, na mama lishe akiifungia kwenye chupa ya baridi atauza mchana kutwa. Mfungo Sita ukifika, kamati za maulidi zianze. Na nyinyi mnaofunga pakiti, andikeni yaliyomo kwa Kiswahili, tena kwa herufi ambazo mzee anaweza kuzisoma pale pale dukani.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga