Ombi la kujaza gesi likikataliwa, lango nalo lifungwe

Mhariri,

Usiku wa Februari 1, 2024, lori lililobeba gesi ya kupikia lililipuka katika mtaa wa Mradi, Embakasi, hapa Nairobi, moto ukaua watu, ukajeruhi wengine zaidi ya 200 na kuteketeza nyumba, magari na ghala la nguo. Baadaye Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli ilieleza kwamba maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali hapo yalikataliwa mara tatu mwaka 2023, mwezi Machi, Juni na Julai, kwa kuwa hayakutimiza masharti ya usalama katika eneo lenye watu wengi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: hatari ilikwisha kuonekana na kuandikwa, lakini malori ya gesi yaliendelea kupita langoni.

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Haipai juu kama gesi asilia inayochimbwa Songo Songo, Tanzania, bali hutambaa chini, hujaa mitaroni na kupenya chini ya milango, hata cheche ya swichi ya jirani ikatosha kuiwasha.

Mwezi uliopita, katika duka moja mtaani kwetu, nilimkuta kijana amepindua mtungi wa kilo 13 juu ya meza, akihamishia gesi kwenye mtungi wa kilo 6 kwa mpira uliokazwa kwa utepe wa tairi. Hatua chache kutoka hapo, mama mmoja alikuwa akichoma mahindi. Nilipomwonya, kijana alinijibu kwa upole, "Mzee, harufu hii nimeshaizoea." Harufu hiyo hutiwa makusudi. Gesi asilia isiyonuka ililipua shule ya New London, Texas, nchini Marekani, Machi 18, 1937, ikaua karibu watu 300, wengi wao watoto, ndipo jimbo hilo likaagiza kwa sheria gesi itiwe kitu kinachonuka.

Majumbani tunaweza kupaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na kutazama kama linatoa mapovu, na tukinusa gesi tukafunga mtungi na kufungua milango bila kugusa swichi. Lakini hayo hayamkingi anayelala karibu na kituo cha siri. Naomba mamlaka ikikataa ombi, nakala ya barua ifike siku hiyohiyo kwa chifu, polisi na wazima moto, lango litiwe kufuli, na orodha ya maeneo yaliyokataliwa ichapishwe magazetini.

Habari za duka lile nilizipeleka kwenye ofisi husika, nikaambiwa watafika. Juzi jioni nilipopita, mtungi ulikuwa bado umepinduliwa juu ya meza, na makaa ya mahindi yalikuwa yakiwaka.

Mkazi wa Nairobi