Mtutu wa bunduki na chumvi ya Tanga

Ndugu Mhariri,

Wenye bunduki za kuwindia kwa kibali hapa Tanga, wakitaka kubadilisha mtutu, huuliza urefu kwanza. Inchi 22 hadi 24 zinatosha, tusibishane. La kuulizwa kwanza ni chuma. Upepo wa baharini hubeba chumvi, na mtutu wa chuma cha kawaida hushika kutu hata ukiwa kabatini. Chuma cha pua hustahimili zaidi, ingawa nacho kikikosa mafuta huliwa.

Kisha msokoto wa mikondo ya ndani, ile mifereji inayoizungusha risasi. Kwa bunduki ya risasi aina ya .30-06, mzunguko mmoja kila inchi 10 hutuliza risasi nzito ya greni 180, yaani karibu gramu 12. Msokoto ukilegea mno, risasi huyumba na kupiga shabaha kwa ubavu. Ukiona tundu refu badala ya duara, kosa si la darubini.

Ufito wa kusafishia upitishwe kutoka chemba, yaani nyuma panapoingia risasi, kwani ukikwaruza mdomo wa mtutu, usahihi umekwisha. Mafuta ya ndani yafutwe kabla ya kufyatua. Mfuko wa ngozi ni wa safarini tu, hunyonya unyevu na kuulaza juu ya chuma. Na kufunga mtutu mpya, tafadhali, aachiwe fundi mwenye leseni.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga