Barua ya wazi kwa vijana wa avenyu yetu: "kwabo" munayosema ni wapi?

Wanangu,

Niliacha siku tisa zipite ili hasira ishuke kwanza, haikushuka, basi naandika nayo hivyo hivyo. Najaribu Kiswahili bora kidogo ili hata walio Kalemie na Bukavu wasome bila shida, lakini najijua, nikipata moto kile cha hapa Kenya kitatoka chenyewe. (Walio mbali wajue Kenya ni komini yetu ya Lubumbashi, Katanga, ndani ya Kongo, si inchi ya Nairobi.)

Munajua ninasema juu ya nini. Muzee wa parsele (kiwanja) ya mwisho, yule fundi wa radio, alikufa. Kama desturi yetu tuliandika kwenye grupu la WhatsApp: kila parsele ichange franga elfu kumi, sanduku na gari. Kabla hata mutu mumoja hajachanga, mumoja wenu akaandika: "Ule haiko muntu wa hapa. Bamupeleke kwabo Kasai, shiye tutachanga ya nini?" Maana yake: huyu si wa hapa, wamupeleke kwao Kasai, mukoa mwingine wa Kongo, sisi tuchange kwa nini? Chini yake nilihesabu vicheko ishirini na tatu. Vile vikatuni vyenye machozi ya kucheka. Nilivihesabu na miwani, jina kwa jina, na ndani yake kuna watoto ambao radio ya baba yao ilitengenezwa na yule muzee bila kulipa hata franga moja. Akalala siku tano kwenye morge, nyumba ya maiti, kila siku inaongeza deni. Waliomtoa ni bamama wa soko, wauza sombe na makala, na mimi, na vijana wawili ambao sitawataja maana mutaanza kuwacheka nao.

Sasa twende polepole. Kwabo ni wapi? Muzee alizaliwa Kamalondo mwaka 1948. Alisoma Kamalondo, alioa hapa Kenya, watoto wake sita wote wamezaliwa hapa. Kasai hakuwahi kuiona hata kwa dirisha la treni. Tungemupeleka "kwabo" tungevuka barabara tu na kutembea kidogo kwa miguu, tumefika.

Hilo swali la "kwenu ni wapi" ndilo linanichoma, na leo mutanivumilia nilifuate mpaka mwisho wake.

Huu muji, wanangu, haukuota kama uyoga. Reli kutoka Rhodesia ilifika hapa 1910, mwaka ule ule muji ukaanza kupangwa, na 1911 shaba ya kwanza ikatoka pale penye shimini kubwa munayopigia picha. Nani alikuwa anatumika, ndiyo kufanya kazi? Balamba, wenyeji wa hapa, walikuwa na mashamba yao, hawakuwa na haraka ya kuvuta moshi wa Union Minière, kampuni ya shaba ya Wabelgiji. Basi wakaletwa watu. Walitoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, wakaja na Kibemba chao ambacho hata wewe unakichanganya kwenye maneno yako bila kujua. Miaka ya 1920 wakaletwa wengine mpaka Ruanda-Urundi. Reli ya BCK ilipomalizika 1928 kwenda Port-Francqui, Ilebo ya leo, ndipo watu wa Kasai walikuja kwa wingi. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mushahara, karani Léonard Mpoyi akiwasemea, na askari wakawapiga risasi kwenye uwanja wa mupira. Waliogoma walikuwa wametoka kila pembe. Mishahara iliyopanda nyuma ya pale ililisha babu zetu wote, hakuna babu aliyesema hizi franga ni za damu ya mutu wa mbali sizitaki.

Munaniambia: Papa, lakini kuna Bakatanga kamili. Haya. Bunkeya ni Katanga ama si Katanga? Musiri aliyejenga ufalme ule, aliyeuawa na watu wa Léopold, mufalme wa Ubelgiji, mwisho wa 1891, ukoo wake ulitoka Unyamwezi, Tanzania ya leo, walikuja na biashara ya shaba na pembe. Mujukuu wake Godefroid Munongo alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Tshombe wakati Katanga ilijitenga na Kongo, 1960 mpaka 1963, na mumoja wa wakubwa wa Conakat, chama kilichopiga kelele kuliko vyote juu ya Bakatanga wa kweli. Mimi simutukani, Bayeke, watu wa Musiri, ni Bakatanga, nani atakataa? Nauliza tu ni miaka mingapi mutu anatakiwa kukaa ili swali likome. Maana mukiniambia namba, tutachukua karatasi tuhesabu, na nina hofu wengi wenu mutaanza kufunga mizigo.

Na hata hayo makabila munayoyashika kama mufupa, angalieni nani aliyaandika. Babu yangu muzaa baba alitoka upande wa Kabinda, kule Kasai, alikuwa wa kabila la Basonge. Alipofika hapa na kundi la wapya, karani aliwapanga mustari, akauliza kwa haraka, akaona treni ni moja na sura ni moja, akaandika kwenye kitabu: Muluba. Wote. Babu alirudi kulalamika, akaambiwa atoke kwenye mulango. Alikufa Muluba. Babu muzaa mama alikuwa Mubemba wa Kasama, mukewe Mulamba wa hapa, ambaye peke yake ndiye angeweza kutuuliza sisi wote kwetu ni wapi, na hakuuliza, alipika bukari (ugali) tu akasema kuleni. Sasa mimi ni nani? Nilipewa jina la upande wa mama. Kumbukeni hilo jina, maana lilinifanya kitu.

Mwaka 1992 nilikuwa Likasi, natumika kiwandani. Kumbukeni hali yenyewe. Mugodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka Septemba 1990. Shaba ya Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi Union Minière, iliyokuwa karibu tani 470,000 mwaka 1986, ilikuwa inashuka kama ndoo yenye tundu. Pesa ya Mobutu ilikuwa makaratasi. Agosti 1992 Conférence Nationale, mukutano mukubwa wa taifa, ikamuchagua Étienne Tshisekedi, mutu wa Kasai, waziri mukuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mutu wa kwetu Katanga, na wakubwa wa siasa wakapata maneno waliyokuwa wanayatafuta. Wakatuambia: kazi zenu ziko kwa Bakasai, nyumba zenu ziko kwa Bakasai. Wakawaita bilulu. Wadudu. Mutu akishaitwa mududu, kumukanyaga hakukupi usingizi mubaya. Nimeona neno hilo kwenye grupu letu mara tatu mwaka huu, mumeliandika ninyi, watoto ambao mulikuwa bado hamujazaliwa.

Septemba walianza kupita nyumba kwa nyumba na orodha. Kwetu walisoma jina langu, wakasema huyu wetu, wakapita. Musonge wa Kabinda, mujukuu wa "Muluba", akapita kwa sababu ya jina la mama. Ukuta wa pili walikaa muke na mume na watoto wanne, watu wa Kasai, mama alikuwa ananilindia funguo nikienda zamu ya usiku. Walipewa muda wa kukusanya vitu. Yule mama akanijia na cherehani yake, Singer ya kukanyaga na miguu, akasema papa, nunua, sitaweza kuibeba. Nikanunua. Bei? Sukari kilo mbili ingekuwa ghali zaidi. Na sikumwambia "nakuwekea mpaka urudi." Niliinunua kabisa, na nikaomba apunguze.

Walienda gare, kituo cha treni. Maelfu walilala pale na kwenye shule za jirani, miezi kwa miezi, wakingojea treni ambayo haiji, watoto wakifa kwa njaa na maradhi. Nilipeleka unga mara mbili. Mara ya tatu niliogopa kuonekana. Machi 1993 ikawa zamu ya Kolwezi, watu wa Kasai wakafukuzwa kule pia. Na zile kazi? Mwaka 1993 ule ule Gécamines haikufikisha hata tani 50,000. Fundi alikuwa ameondoka, mashine imebaki na wenyeji wake, hakuna anayejua kuiwasha. Mimi mwenyewe nilikaa miezi bila mushahara, nikauza kila kitu nyumbani isipokuwa ile cherehani, sikuthubutu. Iko kwangu mpaka leo, muke wangu hakuwahi kuishonea hata pindo, alisema haiko ya kwetu.

Kwa hiyo musinifikirie nawafundisha kutoka juu ya mulima. Nilikuwa na miaka yenu.

Juu ya rangi nitasema kidogo. Munalia mukisikia Mweusi ametukanwa Ulaya, ni haki mulie. Hapa kwetu Wazungu waliacha kipande cha ardhi tupu kati ya muji wao na site yetu, mitaa ya Weusi, wakisema ni kukinga magonjwa, na Mweusi aliyepatikana kule usiku bila karatasi alikamatwa. Watoto wa metisi, wa baba Muzungu na mama Mweusi, walinyanganywa mama zao wakapelekwa misioni. Desemba 2024 korti ya rufaa ya Bruxelles iliita kitendo kile uhalifu dhidi ya ubinadamu, kwa wamama watano walioshitaki wakiwa wazee tayari. Hayo munayashea haraka. Halafu kesho yake munamuzomea mutoto wa metisi mwenye baba Muchina, hapo hapo kwenye bomba la maji.

Na mupira! Mazembe, timu yetu ya Lubumbashi, ilipobeba kombe la Afrika 2015, Rainford Kalaba alikuwa ndani, mutu wa Zambia kabisa, na mulipanda juu ya mataksi mukiimba jina lake. Hakuna aliyesema bamupeleke kwabo. Akipiga bao ni ndugu, akihitaji sanduku ni mugeni?

Mengine nayasema mbio maana mumeshachoka. Audio yoyote inayoanza na "hawa watu" musiitume mbele, hata ya kucheka. Binti akileta muchumba, ulizeni anatumika wapi na kama anapiga wanawake, kabila ulizeni mwisho ama musiulize. Jifunzeni salamu ya jirani, moyo wake utafunguka mbele ya mulango. Someni Katiba, kifungu cha 30, kila aliye ndani ya inchi ana haki ya kukaa anapotaka. Na kuna sheria ya tarehe 7 Juni 1966 inayoadhibu ukabila na ubaguzi wa rangi, ni ya zamani kuliko baba zenu wengi, imekaa kwenye kabati kama sahani za wageni.

Najua pia si ninyi peke yenu. Nani aliwafundisha? Sisi bazee tunaonyamaza kwenye meza kukiwa na bukari na mutu anasema "unajua hawa walivyo." Wanasiasa wanaotafuta kura kwa kabila mwaka wa uchaguzi na halafu wanakaa Kinshasa wakinywa pamoja. Mapadri na wachungaji wetu wanaohubiri Musamaria mwema Jumapili na Jumatatu kamiti ya parokia inagawanywa kwa kabila. Nami nimo. Lakini kidole kilichoandika "bamupeleke" kilikuwa cha kijana wa miaka ishirini na moja, ambaye nilimushika mukono siku ya kwanza ya masomo kwa sababu mama yake alikuwa mugonjwa, na ile siku ni yule muzee wa radio aliyetuazima baiskeli. Wewe unajijua. Ulikaa mbele, kwenye chuma.

Basi mambo yamebaki hivi. Seremala wa sanduku anatudai bado dola arobaini. Mujane hajui, musimwambie. Jumamosi kuanzia saa kumi nitakuwa chini ya mwembe wangu na daftari, kila mutu aandike mwenyewe alichotoa, sitamuuliza mutu kitu. Na nahitaji vijana wawili wenye nguvu wabebe ile cherehani mpaka kwa mujane, ni nzito, chuma chake ni cha zamani. Binti yake mudogo anajifunza kushona.