Kwa binti yangu anayeniuguza

Mwanangu mpendwa,

Nakuandikia ingawa tunalala nyumba moja, kwa sababu kila nikianza kukwambia haya kwa mdomo unanikatiza: "Mimi sijambo, mama, pumzika wewe." Isome yote kwanza, ndipo ubishe.

Tangu kiharusi kinipooze, wewe ndiye mkono wangu wa kushoto. Unanigeuza usiku nisipate vidonda vya mgongo, dawa ya presha haijawahi kupitiliza saa yake, na unaniogesha bila kunivunjia heshima. Mungu akulipe. Lakini mtu anayeshinda kitandani ana muda mwingi wa kutazama, na ninayemtazama zaidi ni wewe. Unashika kiuno kila unapoinuka. Karatasi ya dawa unayoijua kwa moyo unaisoma mara mbili, mara tatu, maana akili imechoka. Miadi yako ya daktari wa macho umeiahirisha tena. Juzi ulinijibu kwa ukali, kisha ukaingia bafuni ukafungulia maji ili nisisikie kilio chako. Nilisikia. Sikukasirika hata kidogo, mama. Yale yalikuwa maneno ya mtu ambaye hajalala.

Najua unadhani kupumzika ni kuniacha. Sikiliza basi. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Richard Schulz na Scott Beach, walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka minne wazee waliokuwa wakiwauguza waume au wake zao. Wale walioelemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ile ya wenzao wasiouguza mtu kwa asilimia 63. Ila waliouguza bila kuelemewa hawakuonekana kuwa na hatari hiyo ya ziada. Ni kweli wewe bado kijana, na wale walikuwa wazee. Hata hivyo naona jambo moja hapo: kunihudumia hakukudhuru. Kinachokudhuru ni kunihudumia peke yako, mchana na usiku, bila mtu wa kukupokea. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1995, uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba wanawake waliokuwa wakiuguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau, kidonda kidogo cha ngozi kilichelewa kupona kwao kwa takriban siku tisa kuliko kwa wanawake wengine. Uchovu wa namna hii unaingia mwilini kabisa, hauishii moyoni.

Kwa hiyo nimeongea na kaka yako. Atakuwa anakuja kila Jumamosi mchana, na shangazi yako atalala hapa usiku mmoja kila wiki ili wewe ulale saa saba au nane mfululizo, mlango umefungwa. Usiku huo nikikohoa, atakuja yeye.

Hapa najua utaniambia kaka yako hawezi. Ni kweli, mwanzoni hataweza kama wewe. Shuka litakunjamana, atachelewa kuelewa ninachotaka, pengine atanivalisha nguo nyuma mbele. Mimi nimekubali kuvaa nguo nyuma mbele. Nisichokubali ni wewe kuanguka, kwa sababu siku hiyo tutakuwa wagonjwa wawili na hakuna anayejua dawa ziko wapi. Ulichokariri kichwani kiandike kwenye daftari: dawa gani, saa ngapi, kabla au baada ya chakula, namba ya simu ya daktari, dalili gani zikitokea nipelekwe hospitali bila kusubiri. Mwelekeze mambo machache ambayo hayana mchezo. Asiniinue kwa kunivuta mkono uliopooza, bega litachomoka. Nikila au nikinywa niwe nimeketi wima, na nisilazwe kabla ya nusu saa kupita, nisije nikapaliwa. Akininyanyua akunje magoti na anisogeze karibu na mwili wake, ili naye asiumie mgongo. Mengine yote afanye atakavyo. Mara ya kwanza kaa naye, mara ya pili toka kwa muda wa saa moja tu, kisha ndipo uongeze.

Ukishatoka, usipige simu kila baada ya dakika kumi. Likiwepo jambo, tutakupigia sisi.

Na tafadhali, saa hizo zisiishie kwenye kufua na kupanga foleni ya dawa. Hiyo ni kazi nyingine iliyovaa nguo za mapumziko. Wale wanaokuambia "ukihitaji chochote utuambie," waambie kweli: huyu achukue dawa, yule afue mashuka. Watu wengi wanataka kusaidia ila hawajui waanzie wapi, na wewe huwapi pa kuanzia. Muda wako utumie kwa kitu kinachokurudishia nafsi. Tembea. Kaa na rafiki ambaye mtaongea habari zisizo za ugonjwa. Lala mchana ukitaka. Ukicheka, cheka sana, wala usijione mkosefu kwamba unacheka na mama yuko kitandani. Mama yuko kitandani na anapenda sana kicheko chako. Amekikosa humu ndani muda mrefu.

Zipo pia siku ambazo huzuni haiondoki hata baada ya kulala vizuri, mtu hana hamu ya chochote, au anatamani asiamke. Ukifika hapo, au kama umeshafika ukanificha, nenda kwa daktari kwa ajili yako mwenyewe na umweleze wazi kwamba unauguza mtu nyumbani. Hilo linatibika, na usingoje nipone kwanza.

Jambo la mwisho ni langu mimi. Siku hizi tunaongea dawa, choo, na kunigeuza, basi. Ninaye muuguzi mzuri, lakini binti yangu nimemkosa. Natamani uje uketi hapa ukiwa huna kitambaa mkononi, unisimulie ulikokwenda na uliyemwona.

Jumamosi kaka yako anafika saa nane. Mkabidhi daftari na umwelekeze; akishazoea, Jumamosi zitakazofuata uende, na usirudi kabla ya saa kumi na mbili. Jumatatu piga simu upange upya miadi ya macho.

Nakupenda.

Mama yako