Kwa nini kukamua gunia moja la alizeti mwezi wa pili ni ghali kuliko mwezi wa saba

Mvua zikishaanza, lalamiko ni lilelile: "Mwezi wa saba mlinikamulia kwa elfu nane, leo mnataka elfu kumi. Mashine si ileile?" Juzi mteja wa kutoka Bahi alibeba gunia lake akaondoka, akisema tunawaibia wakulima. Limetuuma, maana hatuibi. Hesabu yetu hii hapa, kwa namba za mviringo.

Pango la banda, mlinzi, leseni na rejesho la mkopo wa mashine tuseme ni sh. 900,000 kwa mwezi. Hizo ni gharama zisizobadilika: tukamue tusikamue, zinalipwa. Mwezi wa saba, Kongwa na Chamwino wameshavuna, tunakamua magunia 300, kwa hiyo kila gunia linabeba sh. 3,000. Mwezi wa pili alizeti mpya bado iko shambani. Yakija magunia 90, kila moja linabeba sh. 10,000. Pango halijapanda hata senti. Waliopungua ni wa kuligawana.

Gharama zinazobadilika, kama umeme wa kukamua na vitambaa vya kuchujia, tuziweke sh. 4,000 kwa gunia, msimu wowote. Gunia la mwezi wa saba linatugharimu 7,000 na tunatoza 8,000. La mwezi wa pili linatugharimu 14,000 na tunatoza 10,000. Ndiyo, chini ya gharama. Tunakubali kwa sababu ile 6,000 inayobaki baada ya umeme na vitambaa inasaidia kulipa pango ambalo lingetudai hata tukifunga mlango.

Zipo pia gharama mchanganyiko, sehemu haibadiliki na sehemu inafuata idadi ya magunia, na hizi wateja hawazioni. Kijana wa mashine ana mshahara wa mwezi, halafu analipwa kwa kila gunia. Kuwasha mashine nako ni hivyohivyo: lazima ipate moto kwanza ndipo mafuta yatoke vizuri, uwe umeleta gunia moja au thelathini.

Hapo kwenye moto ndipo watu wanapotafuta unafuu unaowatia hasara. Mama mmoja alipeleka magunia mawili kwingine, akapunguziwa elfu mbili kila gunia. Mashine haikusubiriwa ipate moto. Alituletea mashudu tuyaangalie. Nilipoyaminya, kiganja kililowa mafuta. Aliokoa elfu nne, akaacha lita kadhaa ndani ya mashudu, na mafuta ya alizeti bei yake mnaijua. Sisi mashudu ya mwanzo, mashine ikiwa bado baridi, tunayarudisha yakamuliwe tena. Huo nao ni umeme, na hatumtozi mtu.

Wengine wanaleta alizeti isiyopepetwa ili wasimlipe mpepetaji. Mchanga unakula skrubu ya mashine, ile inayobana mbegu, na skrubu haiuzwi kwa bei ya msimu.

Ukitaka bei ya mwezi wa saba mwezi wa pili, njooni pamoja. Majirani wanne wa Chamwino walikuja na magunia 20 kwa gari moja, kila gunia na alama ya mwenyewe. Mashine iliwashwa mara moja, kila mtu akapimiwa mafuta yake peke yake, na wote tuliwatoza 8,000. Kuanzia magunia 15 kwa mkupuo, bei ni hiyo mwaka mzima. Chini ya 8,000 hatushuki hata uje na 100, kwa sababu mzigo wa namna hiyo unatulazimu kuweka kijana wa pili wa zamu ya usiku, naye analipwa.