Zuhura, usiitume bado ile skripti

Kayole, Nairobi
Alhamisi, 12 Machi 2026

Kwako Zuhura,

Salamu nyingi. Natumaini mfungo unakwenda salama, wewe na Mama na wote hapo Likoni. Sisi hatujambo. Mvua imeanza na njia ya kwetu ni tope tupu, lakini tuko. Najua nimenyamaza tangu Januari, nitakueleza kwa nini, ila kwanza hili: kama hujamtumia Mwalimu Kombo ile skripti yako, ile faili ya amri za kuwekea programu yako kwenye kompyuta, usiitume bado. Kama umeshaituma, mpigie leo umwombe asiiendeshe mpaka uisome barua hii yote. Ningekupigia, lakini mambo ya alama za dola na nukta mbili hayasemeki kwenye simu. Tulijaribu mwaka jana tukaishia kununiana.

Zile kompyuta nane zilifika. Ni Dell OptiPlex, zimetoka kwenye ofisi moja ya Upper Hill. Windows 10 ilipoacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zenyewe ni za zamani mno kwa Windows 11, wakaamua kuziondoa. Zina RAM ya gigabaiti 8, na ukizitazama hazina hata mkwaruzo. Baba Shiko alizibeba kwa pikapu yake, akakataa hata pesa ya mafuta. Tumezipanga pale ukumbini, upande wa dirisha.

Kusakinisha Ubuntu 24.04, ule mfumo wa bure wa kuchukua nafasi ya Windows, hakukunipa taabu. Nilipakua faili usiku, nikaikagua kwa sha256sum, amri ya kuhakikisha faili haikuharibika njiani, kama ulivyonifunza, herufi na tarakimu 64 zote zikalingana, nikaiandika kwenye flashi, nikapita mashine moja moja nikibonyeza F12 ili iwakie kwenye flashi. Watoto walifurahi waliposikia jina. Mmoja akasema hilo si ni neno la watu, nikamwambia ndiyo, ni lile lile utu letu, limetoka kwa ndugu zetu wa kusini, na aliyeanzisha kazi hii mwaka 2004 ni mtu wa Afrika Kusini ambaye miaka miwili kabla alikuwa amekwenda anga za juu. Tangu hapo wanaijadili kana kwamba ni timu yao ya mpira.

Kisha tukaendesha skripti yako, na hapo ndipo Februari yangu ilipopotelea.

Sikiliza ilivyokuwa. Kwenye mashine tano niliiendesha mimi, na kwa mazoea nikaweka sudo mbele, neno la kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi. Kwenye tatu zilizobaki niliwaachia watoto, wakaiendesha bila sudo. Zile tano zilikuwa shwari kabisa, ila programu yako iitwayo zoezi haikuonekana popote. Zile tatu zoezi ilifunguka vizuri, na kila kitu kingine kikafa. Unaandika ls, amri ya kuorodhesha faili, unaambiwa amri haijulikani. Nano, ya kuhariri faili, haijulikani. Hata sudo yenyewe haijulikani! Nikafunga terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikafungua nyingine, hali ile ile. Nikazima na kuwasha, hali ile ile. Moja niliifuta nikasakinisha Ubuntu upya, nikaendesha skripti, ikarudi pale pale. Siku nne, Zuhura. Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba zile tatu zina ugonjwa wa vifaa, na kwamba ile ofisi ilijua.

Aliyetutoa ni Brayo, yule wa dada yake Mama Shiro. Ana miaka 14. Aliketi kwenye mashine namba saba akawa anaandika tu amri zote anazozijua, na zilizokubali akaziandika daftarini kwa penseli. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona cd inakubali na ls inakataa?" Nikasimama. Kwa kweli cd, ya kuhamia folda nyingine, imo ndani ya Bash yenyewe, ile shelli inayopokea amri tunazoandika, haiendi kuitafuta popote. Lakini ls ni faili iliyokaa /usr/bin, na shelli lazima ikaitafute. Kumbe Bash ilikuwa mzima, ila ilikuwa imesahau pa kutafutia. Brayo akaweka kidole kwenye skrini akasoma ujumbe wote kutoka juu, akatutafsiria: amri ls ipo /bin/ls na /usr/bin/ls, haikuweza kufikiwa kwa sababu folda hizo hazimo kwenye PATH. Maneno hayo yalikuwa yakitokea tangu siku ya kwanza. Mimi nilikuwa nikisoma mstari wa mwisho peke yake, ule unaosema haijulikani.

Basi fungua skripti yako, nenda karibu na mwisho, utaona inaongeza hivi kwenye .bashrc, faili ya mipangilio ya Bash:

export PATH="$HOME/.local/bin"

Ilipaswa kuwa hivi:

export PATH="$HOME/.local/bin:$PATH"

Nukta mbili, alama ya dola na neno moja, basi. PATH ni orodha ya folda ambamo shelli hutafuta amri. Ulichotaka ni kuongeza folda moja mbele ya orodha. Kilichotokea ni kwamba orodha nzima ilitupwa ikabaki hiyo folda yako tu, ndiyo maana zoezi ilikuwa ndiyo amri pekee inayopatikana. Na kwa kuwa .bashrc husomwa kila terminali inapofunguliwa, kila nilipofungua upya niliiharibu upya.

Zile tano nazo, siri yake ni sudo. Ukiendesha kwa sudo, $HOME, yaani folda ya mtumiaji, inakuwa /root, ya msimamizi, si nyumbani kwa mtoto. Kwa hiyo zoezi yako imekaa /root/.local/bin, na mstari mbovu umekaa kwenye .bashrc ya root, ambako hakuna mtu anayeingia. Hazikuwa nzima. Zilikuwa mbovu mahali ambapo hatukuwa tukipatazama. Nimeshazisafisha zote.

Kurekebisha kulikuwa kazi ya dakika. Ndani ya terminali ileile iliyokufa niliandika PATH=/usr/bin:/bin nikabonyeza Enter, ls ikafufuka, nikafungua .bashrc kwa nano nikafuta mstari. Mwambie Mwalimu Kombo hivyo hivyo kama ameshaharibikiwa, asije akafuta mashine nzima kama mimi. Tena nilikuta mstari huo mara tatu kwenye mashine moja, kwa sababu skripti inaongeza kila unapoiendesha bila kuangalia kama umeshawekwa. Weka grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, hapo mbele ikague kwanza.

Au uuondoe kabisa. Nimechungulia .profile inayokuja na Ubuntu: yenyewe huongeza ~/.local/bin kwenye PATH mtu anapoingia, mradi folda ipo. Skripti ikitengeneza folda, ikaweka zoezi ndani, mtoto akatoka na kuingia tena, kazi imekwisha. Afadhali hujaigusa .profile, kwa sababu ukiharibu PATH pale unaweza kushindwa hata kuingia kwenye akaunti.

Kuna jingine, hili halina kosa lako. Namba tatu na namba sita zilikataa kusasishwa Jumatatu moja. Ujumbe ulisema orodha ya vifurushi, yaani programu za kupakua, bado haijaanza kutumika, itaanza baada ya siku mbili na saa kadhaa. Safari hii nilisoma wote, neno kwa neno, kisha nikatazama saa kwenye pembe ya skrini. Kompyuta ilikuwa bado Ijumaa jioni. Kwetu ni Jumatatu, kwake ni Ijumaa, na orodha iliyotolewa Jumapili kwake ni ya kesho kutwa, kwa hiyo inaikataa.

Sisi huzima soketi ukutani kila tunapofunga, mlinzi anataka hivyo kwa sababu ya moto. Umeme ukikatika kabisa, saa inategemea betri ndogo kwenye bodi, na zile mbili betri zilikuwa zimekwisha. Ubuntu ikaanzia pale ilipoachia Ijumaa. Kwa kawaida ingeuliza saa kwenye intaneti ikajirekebisha, lakini modemu ya ukumbi haipitishi maombi hayo. Nilijua hivyo nilipounganisha simu yangu kwa waya, saa ikajirekebisha papo hapo mbele ya macho yangu.

Nilikwenda Luthuli nikanunua betri mbili za CR2032, zile bapa kama sarafu, shilingi 100 kila moja. Ilibidi nitoe ya zamani kwa ncha ya kisu cha siagi, kile kishikizo cha chuma kimekaza. Tangu hapo hazijapotea hata dakika moja. Nilitaka kumpa mtu wa vyuma chakavu namba sita, Zuhura, nilikuwa nimeshamwita. Kwa ajili ya betri ya shilingi 100.

Sasa tuna watoto 19 wa Jumamosi na zamu mbili. Nafasi hazitoshi, lakini nane zote zinafanya kazi na zoezi inafunguka kote. Hiyo programu yako inapendwa, nakwambia kweli. Kuna msichana mmoja anakuja hata siku za wiki baada ya shule ili apande ngazi ya tano, na hasemi neno na mtu mpaka aipite. Hiyo ndiyo sababu nimekuandikia kirefu. Sitaki skripti ife kwa mstari mmoja, na sitaki watu wa Kwale waione zoezi kwa mara ya kwanza siku ambayo ls imekufa.

Nijibu basi. Umeshamtumia Mwalimu Kombo au bado? Ile nakala iliyo kwenye flashi ya Salim ni hii hii? Skripti utairekebisha wewe, au nikutumie niliyorekebisha uiangalie? Je, tuiwekee mstari wa mwanzo unaokataa kuendeshwa kwa sudo, au utawachanganya walimu? Na ngazi ya sita iko wapi, uliisema Desemba? Brayo anauliza kama anaweza kuona ndani ya zoezi ilivyoandikwa. Nimruhusu? Mguu wa Mama umepona? Na baada ya Idi utapanda gari moshi uje, hata siku mbili tu, au nianze kuwaambia watoto uongo?

Nasubiri simu yako kabla ya Jumamosi.

Wako,
Wanjiku